Hapana Kufomata Kwanza: Ginsi ya Kuponya Dosie Iliyojaa Kupita Kiasi

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wanaotunza picha na hati za mitaa yao, Goma. Tunayaweka hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.



Mimi nilimaliza informatike. Diplome iko nyumbani, kazi haijapatikana, sawa vile kwa wengi kati yenu. Katika kungojea, watu wa mutaa wananiletea mashini na flashi zao, na kuna shida moja inayorudi kila wiki. Njo nimeomba tuizungumzie leo.

Shida yenyewe iko hivi. Mutu anafungua dosie yake ya picha, mashini inaganda. Anangoja dakika tano, anangoja kumi. Dirisha linakuwa nyeupe, programu inajifunga yenyewe. Anajaribu tena, inaplante tena. Anabeba flashi ku soko, fundi anaitazama kidogo, anasema: «Hii imekufa, tufomate.» Inafomatiwa, mutu analipa, na picha za miaka tatu zimekwenda.

Sisi watu wa Goma tunajua maana ya kitu kisichorudi. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na kuna mitaa ambako lava ilifunika nyumba yote. Picha ya parsele ginsi ilivyokuwa kabla ya siku ile haipigwi mara ya pili. Ni vile vile kwa picha ya karatasi ya kuzaliwa iliyoungua, ao ya daraja kabla mvua haijalibeba. Tukienda kudai kitu mbele ya ofisi fulani, tunaulizwa ushahidi. Ushahidi wetu uko mu flashi ya dola tano. Kwa hiyo kujua kuitunza si kazi ya wataalamu peke yao.

Neno langu ni moja: mara nyingi flashi haijafa, dosie njo imejaa kupita uwezo wake. Na hata kama flashi inakufa kweli, kufomata ni kitu cha mwisho.

Mashini inafanya nini wakati inaganda

Picha hazitupwi ovyo mu flashi. Kuna mufumo wa faili (faili, ile tunazoea kuita fishie), maana yake namna ya kuandika kila kitu kiko fasi gani. Fikirini daftari ya shefu wa avenue. Mukaaji mupya anaandikwa kwenye mustari unaofuata, bila alfabeti. Mutu akija kusema «Niandike», shefu lazima asome daftari yote tangu mwanzo, ahakikishe kwamba jina lile halijaandikwa tayari. Kukiwa majina 50, ni kazi ya dakika moja. Kukiwa 20,000, muzee atalala pale.

FAT32, mufumo ulio ku flashi nyingi na ku karte nyingi za simu, unafanya kazi vile. Tupige hesabu. Ukiweka faili 10,000 mu dosie moja, kila faili inapoingia mufumo unapitia majina yaliyotangulia, kwa wastani 5,000. 10,000 mara 5,000 ni milioni 50. Sasa weka faili 20,000: 20,000 mara 10,000 ni milioni 200. Faili zimeongezeka mara mbili, kazi imeongezeka mara ine. Njo maana kopi inaanza mbio, kisha inachoka kadiri inavyosonga mbele.

Na daftari yenyewe iko na mwisho. FAT32 inaipa dosie moja mistari 65,536 tu. Tena jina refu halikai mu mustari mumoja: kila herufi 13 zinataka mustari wao, kisha kuna mustari mwingine wa jina fupi la mutindo wa zamani. Chukueni picha ya WhatsApp, kwa mufano IMG-20240115-WA0003.jpg. Hesabuni herufi: 23. Hiyo ni mistari miwili ya jina refu na mumoja wa jina fupi, jumla mitatu. Gawanya 65,536 kwa tatu, unapata picha karibu 21,800. Inayofuata inakataliwa, hata kama flashi ya GB 32 iko nusu tupu. Mutu anaona nafasi iko, mashini inasema haiwezi kuunda faili, anaanza kusema ni virusi. Hakuna virusi pale. Mistari njo imekwisha.

Mifumo mingine iko na akili zaidi. NTFS ya Windows na ext4 ya Linux zinaweka majina kwa index, sawa daftari yenye herufi pembeni: unaruka moja kwa moja fasi unayotaka. Hizo zinabeba dosie kubwa zaidi bila kulalamika. Lakini hata NTFS inachoka. Microsoft wenyewe wanashauri kwamba ukifika faili 300,000 mu dosie moja, uzime ile kazi ya kutengeneza majina mafupi, zaidi sana kama herufi sita za kwanza za majina zinafanana. Sasa tazameni picha zetu za WhatsApp: zote zinaanza na «IMG-20». Herufi sita, sawa sawa.

exFAT, iliyo ku karte kubwa na flashi kubwa, inaruhusu faili nyingi kuliko FAT32, lakini nayo bado inapitia orodha mustari kwa mustari.

Magonjwa ni matatu, si moja

Kabla ya kutibu, tujue tunatibu nini. Kuganda kunaweza kutoka fasi tatu.

Ya kwanza ni programu inayoonyesha. Ukifungua dosie ya picha, Windows inataka kukutengenezea kapicha kadogo ka kila picha. Maana yake inafungua kila faili, inaisoma, inaipunguza. Mu laptop ya zamani yenye diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, kichwa cha diski kinahitaji karibu milisekunde 15 kufika fasi moja. Picha 40,000 mara milisekunde 15 ni sekunde 600, dakika kumi kamili, bila kuhesabu kazi ya kupunguza picha. Kama memwari ni GB 2, inajaa njiani na programu inaanguka. Pale flashi ni muzima, na dosie ni nzima. Mulango tu njo mudogo.

Ya pili ni dosie yenyewe: imejaa kama tulivyoona, ao daftari imeharibika juu umeme ulikatika katikati ya kuandika, ao mutu alichomoa flashi bila kuaga.

Ya tatu ni chombo. Diski inakufa kweli, ao flashi ni ya uongo. Na flashi za uongo ziko nyingi: nje imeandikwa GB 256, ndani kuna GB 8 ao 16, na imebadilishwa ili idanganye mashini. Ukipita ile nafasi ya kweli, inaandika juu ya faili za zamani ao inatupa mupya. Majina yanabaki ku orodha, lakini ukifungua, ndani hamna kitu.

Ginsi ya kuyatenganisha ni rahisi. Hapana kufungua dosie kwa mouse. Fungua dirisha la amri, ile nyeusi, ingia mu dosie, andika `dir /b`. Ku Linux andika `ls -f`, na hiyo «f» ni muhimu, juu inakataza mashini kupanga majina kwanza.

Orodha ikitiririka vizuri mpaka mwisho, ugonjwa ni wa kwanza. Dawa: onyesha dosie kwa «Détails», si kwa picha kubwa. Kisha mu «Propriétés» ya dosie, ku «Personnaliser», chagua «Éléments généraux» badala ya «Images». Hiyo tu, na haulipi mutu.

Orodha ikitoka lakini ukiona majina yenye herufi za ajabu, faili za ukubwa usiowezekana, ao tarehe za mwaka 2098, daftari imeharibika. Ugonjwa ni wa pili. Na kama majina ni mazima lakini kuweka faili mupya kunakataliwa, bonyeza kulia ku flashi, tazama «Propriétés»: ikiwa ni FAT32 na dosie iko na picha 20,000 na zaidi, jibu umelipata.

Orodha ikisimama kila mara fasi ile ile, ao diski inatoa mulio wa tik-tik, ao flashi inapotea na kurudi yenyewe, fikiria ugonjwa wa tatu. Kwa diski, kuna programu ya bure, CrystalDiskInfo ku Windows, `smartctl -a` ku Linux, inayosoma ripoti ambayo diski inajiandikia yenyewe. Tazama hesabu ya sekta zilizohamishwa na zile zinazongoja kuhamishwa. Zikiwa sifuri, vizuri. Zikiwa zinapanda, hapana kungoja kesho.

Kazi ya kwanza ni kopi

Ugonjwa wowote, mupango ni mumoja: kopi, kisha kutengeneza, kisha kupanga upya. Mutu akigeuza mupango huo anacheza na kitu cha mutaa.

Windows ikikuonyesha ile dirisha inayosema lazima ufomate kabla ya kutumia, bonyeza «Annuler». Dirisha lile halimaanishi kwamba picha zimefutika. Linamaanisha kwamba Windows imeshindwa kusoma kurasa za kwanza za daftari.

Kwa kopi, hapana kukamata faili 20,000 na mouse na kuzivuta. Ikianguka ku faili ya 13,000 hautajua umefika wapi. Ku Windows kuna `robocopy`, iko tayari mu mashini:

`robocopy E:\Picha D:\Kopi /E /R:1 /W:1`

Ile `/R:1` usiisahau. Bila hiyo, robocopy ikikutana na faili mbovu itajaribu tena mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara. Utazeeka pale. Ikikatika katikati, rudia amri ile ile, itaruka zile zilizokwisha kopiwa. Ku Linux, `rsync -a` inafanya kazi hiyo hiyo.

Kama diski njo inakufa, kila kusoma ni kuichosha. Pale tumia `ddrescue`: inachukua kwanza sehemu nzima, kisha inarudi ku sehemu mbovu polepole, na yote inaweka mu faili moja ya picha ya diski. Utafanya kazi ku kopi ile, diski yenyewe uiache ipumzike.

Kopi ikiwa imekamilika, njo unaweza kutengeneza. `chkdsk E:` bila kitu kingine inatazama tu, haigusi. `chkdsk E: /f` inatengeneza. Vipande visivyo na mwenyewe itaviweka mu dosie inayoitwa FOUND.000, na majina kama FILE0000.CHK. Msivifute haraka, vingi ni picha zilizopoteza majina tu. Ku Linux, `fsck` inafanywa wakati diski imetolewa, haifanywi ikiwa inatumika, na vipande vinakwenda mu lost+found.

Na kama daftari imeharibika kabisa, kuna TestDisk na PhotoRec, zote za bure. PhotoRec haisomi daftari, inatafuta picha moja moja mu flashi yote kwa kutambua mwanzo wake. Inarudisha picha, lakini majina ya faili yanapotea. Na angalieni ginsi inavyoziweka: recup_dir.1, recup_dir.2, na kuendelea, faili 500 kwa kila dosie. Wale walioandika programu ile wanajua ugonjwa tunaozungumza hapa.

Kupanga upya

Kama tukiponya na kurudisha picha zote mu dosie moja, baada ya miezi sita tutarudi pale pale. Dawa ya kweli ni kugawanya.

Wakubwa wote wanagawanya. Apareyi za kupiga picha zinafuata sheria moja: ndani ya DCIM kuna dosie zenye namba kuanzia 100 mpaka 999, na namba za picha mu dosie moja hazipiti 9999. Git, chombo ambacho Linus Torvalds alianzisha mwaka 2005 na ambacho waandishi wa programu wanakitumia ulimwenguni, inagawanya vitu vyake mu dosie 256, kufuata herufi mbili za kwanza za jina. Hata WhatsApp mu simu yako ya Android: ujumbe wa sauti inaugawanya kwa wiki, dosie moja kila wiki. Lakini picha zilizopokelewa inaziacha zote mu dosie moja. Njo maana ile ya picha inaganda na ile ya sauti haigandi.

Kwetu, mwaka na mwezi vinatosha: dosie 2024-01, 2024-02, na kuendelea. Sheria ninayoifuata ni kutopitisha faili 2,000 mu dosie moja. Mukiwa na kazi nyingi mu mwezi mumoja, ongezeni jina la mutaa. Mwaka uandikwe mbele, kisha mwezi, kisha siku, ili mashini izipange zenyewe.

Kazi hii mutaifanya ku kopi, ku diski nzima, si ku flashi ya mugonjwa. Ku Windows:

`mkdir 2024-01`
`move IMG-202401* 2024-01`

Amri mbili na Januari imekwisha. Inakwenda mbio, juu kuhamisha ndani ya diski moja hakuandiki picha upya, kunabadilisha tu mistari ya daftari. Ku Linux, ukiandika `mv IMG*` na faili ni nyingi sana, inaweza kukukatalia ikisema orodha ya majina ni ndefu kupita kiasi. Pale unapitia `find`:

`find . -maxdepth 1 -name 'IMG-202401*' -exec mv -t 2024-01 {} +`

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: dosie ya zamani ikibaki tupu inaweza kuendelea kuwa nzito. Ku FAT32, kufuta faili ni kuweka alama tu ku mustari wake, daftari haipunguki kurasa. Ext4 nayo kwa kawaida hairudishi nafasi ile. Basi dosie ya zamani ikiisha, uifute na uunde mupya. Hapana kuitumia tena.

Kwa kusafirisha, fanyeni zip moja kwa kila mwezi. Zip moja inakopiwa haraka kuliko faili ndogo 2,000. Lakini mukumbuke FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, kwa hiyo hapana kufunga mwaka muzima mu zip moja.

Umeme

Hapa kwetu umeme unakatika bila kuaga, kila mutu anajua. NTFS na ext4 ziko na jurnali: kabla ya kubadilisha daftari, zinaandika pembeni kile zinachotaka kufanya. Umeme ukirudi, zinasoma pale na kumaliza ao kufuta. FAT32 na exFAT ambazo tunatumia ku flashi hazina jurnali kama hiyo. Na hata mwenye jurnali asijisifu sana: jurnali inalinda hasa mupango wa daftari, kwa kawaida si picha uliyokuwa unaandika saa ile.

Basi kopi kubwa ifanyiwe ku laptop yenye batri nzima, ao nyuma ya onduleri. Na mustari wa kopi ukifika 100, picha zingine zinaweza kuwa bado mu memwari ya mashini, hazijafika mu flashi. Aga flashi kwanza, ku Linux andika `sync`, kisha uchomoe.

Kwa wale wenye seva

Maneno mafupi kwa wawili ao watatu wanaoshugulika na seva za Linux. Mukiona «hakuna nafasi» na `df` inaonyesha nafasi iko, andikeni `df -i`: labda namba za faili, ile tunaita inode, njo zimekwisha. Kama nazo ziko, soma `dmesg`. Ext4 ya kawaida, dosie moja ikipita milioni kumi na kitu, index yake inajaa na inakataa. Tangu Linux 4.13 ya mwaka 2017 kuna `large_dir` inayoongeza mupaka, lakini kugawanya kunabaki dawa bora. Na diski ya zamani ambayo index haijawashwa inaweza kuwashwa kwa `tune2fs -O dir_index`, kisha `e2fsck -fD`, diski ikiwa imetolewa.

Tunachoomba kwenu

Mumoja aliniuliza kabla hatujaanza: kwa nini tusitume yote ku intaneti tu? Mwenye uwezo atume. Lakini tujue bei ya mega, na tujue picha 20,000 ni mega ngapi. Tuanze na kile kiko mu mikono yetu.

Wiki hii, kila kikundi cha mutaa kifanye vitu vine. Kwanza, hesabuni faili za dosie yenu kubwa zaidi. Pili, mufanye kopi mbili, ku vyombo viwili, mu nyumba mbili tofauti, juu moto na maji haviulizi. Tatu, mugawanye kwa mwezi. Nne, flashi mupya yoyote, kabla haijapokea picha hata moja, ijaribiwe na H2testw ku Windows ao f3 ku Linux: zinaijaza yote kisha zinasoma tena, na uongo wa GB unaonekana pale pale.

Na mutu akiwaambia «tufomate», mumuulize swali moja tu: kopi iko wapi? Kama hawezi kujibu, chukueni flashi yenu, murudi nayo nyumbani.

Wenye mashini zinazoganda, mulizileta? Basi tuzifungue sasa, moja moja.